Chipsi, Kuku wa Kukaanga na Tumbo Jipya: Mwongozo Kamili wa Vyakula vya Mafuta Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Mwezi wa nne baada ya upasuaji nilikaa kwenye gari na paja la kuku wa kukaanga mkononi. Nilikuwa na njaa ya siku nzima, na nilikula kama zamani: nang'ata mapande makubwa, natafuna mara tatu nne, macho yako kwenye simu. Pande la nne halikushuka. Kifua kilibana katikati, mate yakajaa mdomoni, mazito kama ute wa yai. Nikayatema kwenye tishu, yakaja mengine. Dakika 20 nzima nimeinamia mlango wa gari ulio wazi, jasho linanichuruzika mgongoni. Nilipotulia nikasema mimi na mafuta basi.

Kumbe mafuta hayakuhusika sana. Wiki chache baadaye nilikula paja kama lile lile, nimelivua ngozi, nikalila nusu kwa dakika 25, na halikunifanya kitu. Kilichonikaba siku ile kilikuwa haraka yangu na nyama kavu niliyoimeza vipande vikubwa. Tangu hapo mtu akiniambia "tumbo langu halitaki mafuta", swali langu la kwanza ni moja: liligoma baada ya dakika ngapi? Jibu la swali hilo ndilo linalobeba sehemu kubwa ya mwongozo huu.

Kwanza, lijue tumbo ulilonalo sasa

Kama ulifanyiwa slivu, daktari ameondoa takribani robo tatu ya tumbo la chakula au zaidi kidogo, ukabaki na mrija mwembamba. Mlango wa chini wa tumbo bado upo, kwa hiyo chakula hakikimbii ovyo. Tatizo lako ni la kinyume. Mafuta yakifika kwenye utumbo mdogo, mwili hutoa homoni zinazoliambia tumbo lipunguze mwendo wa kujimwaga. Tumbo kubwa la zamani lilivumilia kusubiri. Mrija mwembamba hauna nafasi ya kusubiria: unajaa, presha inapanda, na unajisikia umeshiba mpaka kooni. Juu ya hapo, mafuta hulegeza ule mlango kati ya umio na tumbo, na asidi inapanda juu. Ndiyo maana wenye slivu hulalamikia zaidi kichefuchefu na kiungulia.

Baipasi ni habari nyingine. Hapo daktari ametenga kifuko kidogo juu kabisa, cha takribani mililita 30, akakiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo mbele zaidi. Chakula kinaruka sehemu ya mwanzo ya utumbo, pale ambapo zamani kilikutana na nyongo na majimaji ya kongosho. Hivyo viwili ndivyo vinavyomeng'enya mafuta, na sasa vinakutana na chakula kwa kuchelewa. Pia hakuna tena mlango wa kuzuia mwendo. Ukiingiza mafuta mengi kwa mpigo, mengine yatapita bila kumeng'enywa na utayaona chooni.

Zipo aina za upasuaji zinazoruka utumbo mrefu zaidi ya huo. Kwa hao mafuta hupita kwa wingi, na vitamini A, D, E na K, ambazo hufyonzwa pamoja na mafuta, huondoka nayo. Kama wewe ni wa kundi hilo, hatua za hapa chini zitakufaa, ila usipandishe kiasi cha mafuta bila kuzungumza na timu yako.

Hatua ya 1: Subiri kalenda iruhusu

Kila hospitali ina ratiba yake, lakini nyingi hufanana: vimiminika kwa takribani wiki mbili, vilivyosagwa mpaka mwezi wa kwanza uishe, vyakula laini mpaka karibu mwezi wa pili, kisha chakula cha kawaida kidogo kidogo. Vya kukaanga havimo katika hatua yoyote kati ya hizo. Mimi huwaambia watu miezi 3 ndiyo mapema kabisa na 6 ni bora zaidi. Mshono wa ndani unahitaji muda wa kupona, na kutapika kwa nguvu ni jambo usilolitaka wakati huo.

Hata kalenda ikifika, jiulize mambo mawili. Je, nafikisha protini ya siku, ile gramu 60 hadi 80 ambayo wengi hupangiwa? Je, nimekaa wiki kadhaa nikila chakula kigumu bila kutapika? Kama jibu ni hapana kwa lolote, chipsi zisubiri. Na kama umepewa dawa ya kuzuia vijiwe vya nyongo, ile ya asidi ya ursodeoksikoli ambayo mara nyingi hutumiwa kwa miezi 6, imalize. Kupungua uzito kwa kasi huzalisha vijiwe, na mlo wa mafuta mengi ndio unaovichokoza.

Hatua ya 2: Mtafute mkosaji kwa kutazama saa

Mlo wa haraka ni vitu vingi ndani ya karatasi moja: mafuta, sukari ya sosi na soda, mkate laini unaogeuka donge, nyama kavu, jibini, pilipili, gesi. Ukila vyote pamoja halafu ukaumwa, huwezi kujua nani kakuumiza. Watu wengi huyatupia mafuta lawama kwa sababu ndiyo yanayoonekana kwenye vidole.

Saa inasaidia kuwatenganisha. Weka kijitabu au andika kwenye simu: nimekula nini, kiasi gani, nimeanza saa ngapi, dalili imeanza saa ngapi.

*Ukiwa bado unakula, au ndani ya dakika chache.* Kifua kinabana, mate mazito yanajaa, unapata kwikwi au chafya, pua inaanza kuchuruzika. Hicho ni chakula kilichokwama. Wakosaji wa kawaida ni haraka, pande kubwa, kidari kikavu, mkate wa baga. Mafuta hapa mara nyingi hayana hatia.

*Dakika 10 hadi 30 baadaye, wakati mwingine mpaka saa moja.* Moyo unakimbia, jasho, uso unawaka, tumbo linasokota, unatafuta choo, kisha unataka kulala chali palepale. Hii ndiyo dampingi: chakula kimemwagika haraka kwenye utumbo na kuvuta maji mengi kuelekea huko. Huwapata zaidi wenye baipasi, ingawa wa slivu pia wamo. Mshukiwa wa kwanza ni sukari. Ndiyo, sukari ndani ya mlo wa chumvi. Iko kwenye sosi tamu ya kuchovya, kwenye kechapu, kwenye soda, kwenye milkisheki. Chakula chenye mafuta mengi huwaletea baadhi ya watu hali hiyo hiyo, lakini ondoa sosi na kinywaji kwanza kabla hujamhukumu kuku.

*Saa 1 hadi 3 baadaye.* Mikono inatetemeka, jasho baridi, njaa ya ghafla, akili inakuwa nzito. Sukari ya damu imeshuka baada ya kupanda kwa kasi. Wanga wa chipsi na mkate pamoja na soda ndio waliofanya kazi hiyo.

*Unapolala tu.* Uchungu unapanda kooni, kikohozi, ladha ya mafuta ya jana. Hapo ndipo mafuta yanaposhtakiwa kwa haki, hasa kwa mwenye slivu.

*Maumivu ya juu kulia chini ya mbavu,* yanayoanza baada ya mlo wa mafuta, yanakaa kuanzia nusu saa hadi saa kadhaa na pengine kupenya mpaka mgongoni au bega la kulia. Waza kibofu cha nyongo. Usiendelee na majaribio; omba kipimo cha ultrasaundi.

*Kesho yake.* Choo kimepauka, kinaelea, kina utando wa mafuta na harufu inayobaki chooni baada ya kusukuma maji mara mbili. Mafuta hayakumeng'enywa. Mara moja baada ya mlo mzito si ajabu kwa mwenye baipasi. Ikiwa ni kila wiki, tena hata kwa milo ya kawaida, mwambie daktari: kipo kipimo cha choo cha kuangalia kama kongosho linafanya kazi yake, na vipo vidonge vya vimeng'enya vya kuongezea.

Rekodi ya majuma mawili ya namna hii ina faida kuliko orodha yoyote ya vyakula vilivyokatazwa, kwa sababu ni ya tumbo lako wewe.

Hatua ya 3: Jaribu nyumbani, kitu kimoja kwa siku

Jaribio la kwanza lisifanyike mgahawani, mbele ya watu wanaokutazama. Lifanyike nyumbani, mchana, siku usiyo na safari, na choo kikiwa karibu.

Anza na mafuta unayoyajua kipimo. Kijiko cha chai cha mafuta ni takribani gramu 4 hadi 5. Viazi vichache vilivyopakwa kijiko kimoja cha mafuta na kuokwa kwenye oveni, pamoja na samaki au yai, vinakupa jibu safi: hakuna sosi, hakuna mkate, hakuna soda. Subiri siku mbili. Yakikubali, ongeza kijiko kimoja. Ukishafika vijiko viwili au vitatu kwa mlo bila dalili, unajua tumbo lako lina uwezo gani. Kwa kulinganisha, gramu 100 za chipsi za mgahawani hubeba takribani gramu 15 za mafuta na kalori takribani 300. Maana yake, pakiti nzima ni kuruka ngazi kadhaa kwa mara moja.

Baada ya hapo jaribu mkate peke yake, umekaushwa kwenye tosta ili usigande kuwa donge. Siku nyingine, jibini kidogo. Baada ya baipasi baadhi ya watu hushindwa kumeng'enya sukari ya maziwa, kwa hiyo pizza inaweza kukuumiza kwa sababu isiyohusiana kabisa na mafuta yanayong'aa juu yake.

Inachosha, sikatai. Mimi mwenyewe niliruka hatua ya mkate, nikailipia.

Hatua ya 4: Kuagiza

Usiende na njaa kali. Saa moja au mbili kabla, kula kitu kidogo chenye protini, mtindi usio na sukari kwa mfano. Mwenye njaa hatafuni.

Ukifika, anza na nyama. Kuku wa kuchoma ni bora kuliko wa kukaanga. Kama ni wa kukaanga tu, chagua paja badala ya kidari, kwa kuwa paja lina unyevu na huteremka kwa urahisi. Kisha vua ngozi na ule unga wote wa juu. Mafuta mengi ya kukaangia yamekaa pale. Ukishavua, unabaki na nyama ambayo gramu 100 zake hukupa takribani gramu 25 za protini, na hiyo ni zaidi ya utakayoimaliza.

Baga: fungua, toa nyama na mboga, mkate uache. Uma na kisu, bila aibu. Agiza bila mayonezi. Nyama ya kusaga ni laini na kwa wengi huteremka vizuri kuliko pande la nyama, ila ikikaa ikapoa hukauka, kwa hiyo iloweshe na haradali au juisi ya nyanya isiyo na sukari. Pizza: kula vilivyo juu, hasa nyama na mboga, uache ukingo.

Chipsi omba saizi ya mtoto, au uchukue chache kwa mwenzako. Zilizokatwa nene zina mafuta kidogo kuliko nyembamba kwa uzito ule ule, kwa sababu nyembamba zina sehemu kubwa zaidi ya nje ya kunywa mafuta. Sosi iwe pembeni, uchovye ncha ya uma.

Soda hapana, hata isiyo na sukari. Gesi kwenye mrija mwembamba haina pa kwenda.

Hatua ya 5: Dakika 25 za kukaa mezani

Kaa. Gari lisigeuzwe meza. Kata nyama yote vipande vya ukubwa wa kucha ya kidole kidogo kabla hujaanza, kwa sababu ukishaanza hutakata tena. Weka uma chini kila baada ya kipande. Tafuna mara 20 hadi 30, mpaka kiwe uji mdomoni. Protini kwanza, mboga ifuate, chipsi mwisho. Ukianza na chipsi utajaza nafasi yote kwa viazi na mafuta.

Usinywe chochote unapokula, na usubiri nusu saa baadaye. Kinywaji juu ya mlo husukuma chakula mbele kwa mwenye baipasi, na kwa mwenye slivu huongeza presha.

Jifunze dalili yako ya kuacha. Yangu ni kwikwi moja ndogo. Rafiki yangu mmoja pua yake huanza kuchuruzika, na pale mezani wote tunajua amemaliza kula. Ukiiona dalili hiyo, kipande kilichoko kwenye uma kirudi kwenye sahani. Hicho kimoja cha ziada ndicho kinachoharibu jioni.

Usilale kwa saa mbili au tatu baada ya mlo wenye mafuta. Tembea taratibu ukiweza.

Hatua ya 6: Likigoma

Chakula kikikwama, simama, nyoosha mgongo, tembea polepole. Usinywe maji ya kusukumia. Yatakaa juu ya kilichokwama na kuongeza maumivu. Soda ndiyo mbaya zaidi, puuza anayekuambia itafungua njia. Tema mate yanayokuja. Kikitoka, tumbo limevimba kwa ndani, kwa hiyo siku iliyobaki ni ya vimiminika tu, kidogo kidogo.

Dampingi inataka ulale kidogo na kusubiri. Huisha yenyewe. Ikishatulia, rudisha maji uliyopoteza kwa kunywa taratibu.

Ukitetemeka kwa sukari kushuka, chukua sukari kidogo inayofyonzwa haraka, kama nusu glasi ya juisi, na mara unapopata nafuu ule protini ili isishuke tena. Anayepoteza fahamu asipewe kitu mdomoni, apelekwe hospitali.

Maumivu ya tumbo yasikupeleke kwenye ibuprofeni, diklofenaki wala aspirini uliyojiandikia mwenyewe. Baada ya baipasi hasa, dawa za kundi hilo huchimba kidonda pale utumbo ulipounganishwa. Parasetamoli ndiyo mbadala wa kawaida. Kama unatumia aspirini ya moyo uliyoandikiwa, usiikatishe, mwulize daktari.

Hapa si suala la chipsi tena

Nenda hospitali siku hiyo hiyo kama maumivu ni makali na hayaachi, kama umeshindwa kubakisha hata maji kwa siku nzima, kama unatapika damu au choo ni cheusi kama lami, kama una homa, macho ya manjano, au moyo unaenda mbio ukiwa umepumzika. Mwenye baipasi asipuuze maumivu ya kusokota yanayokuja na kuondoka baada ya kula, hata kama ni miaka mitano tangu upasuaji: utumbo unaweza kuteleza kwenye upenyo uliobaki ndani ukajinyonga. Wafikapo mapokezi, wengi husema tu "naumwa tumbo". Anza na "nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, aina fulani, mwaka fulani".

Jambo moja zaidi ambalo halisemwi vya kutosha. Kutapika mara kwa mara kwa wiki kadhaa humaliza vitamini B1 mwilini. Ukiona miguu inakufa ganzi, unayumba, au unaona vitu viwili viwili, sema hivyo waziwazi, na ukumbushe kwamba B1 huanza kutolewa kabla ya dripu ya sukari au pamoja nayo.

Siku tumbo litakapoacha kugoma

Wengi husoma mwongozo wa namna hii wakitaka kujua lini watarudi kula mafuta. Jibu ni kwamba kwa walio wengi uvumilivu hurudi wenyewe, kidogo kidogo, kati ya mwaka wa kwanza na wa pili. Harufu ya mafuta ya kukaangia iliyokuchefua haitakuchefua. Chipsi zitateremka bila neno. Na chipsi, ukizitafuna vizuri, ni miongoni mwa vyakula vinavyopita kwa urahisi mno: hazikai, hazishibishi, unaweza kudokoa jioni nzima na tumbo dogo lisikuzuie. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Ya protini au wanga ina 4. Kidari cha kuku kinakusimamisha baada ya vipande vichache, chipsi hazikusimamishi. Ndiyo maana mimi sikuogopa siku tumbo liligoma. Niliogopa siku nilipomaliza pakiti nikiangalia mpira na sikusikia chochote.

Dampingi ilikuwa askari wa bure, na askari huyo anastaafu. Kwa hiyo kazi aliyoifanya inabidi uifanye kwa mikono: kupanga siku, mara moja kwa wiki mbili kwa mfano, badala ya kila unapopita kwenye dirisha la mgahawa, kununua saizi ya mtoto hata unapoweza ya mtu mzima, na kuendelea na protini kwanza hata pale ambapo hakuna adhabu ya kuivunja.

Mimi chipsi nazihesabu. Nane, kwenye kisahani cha kikombe, na mfuko ubaki jikoni kwa wengine.